Kidubwana Kiitwacho Hawachekeshi

Nyinyi vijana mkiniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani hapa London, huwa mmeshajijibu kabla sijafungua mdomo. Mnamwona mwanamke wa Kipemba, mtandio kichwani, nyumba yake Barking, mnasema huyu alikuwa akipiga deki maofisini au akitunza wazee wa Kizungu. Si kazi za kudharau. Wenzangu wengi wamezifanya na ndizo zilizowasomesha baadhi yenu. Ila miye sikuzifanya. Miye nilikuwa nikishona vidubwana.

Ndiyo, vidubwana. Mavazi makubwa ya sponji na manyoya ya bandia. Mtu mzima anaingia ndani, anafungwa zipu mgongoni, anatoka mbele ya kamera akiwa na mkia. Karakana yetu ilikuwa Wembley, nyuma ya duka la sari, na tulitengeneza kila namna: dubu wa matangazo ya biskuti, ng'ombe wa michezo ya Krismasi, jino lenye miguu la kuwafundisha watoto kupiga mswaki. Lakini kwa miaka mingi riziki yangu kubwa ililetwa na Wajapani, na wao wenyewe hawana habari.

Katuni yao mnaijua, mmekua nayo. Watoto wenye kofia wanazunguka nchi nzima wakikamata vidubwana vya porini, wanavifungia ndani ya vidude vya mviringo, kisha wanavitoa na kuvipiganisha. Kila kidubwana kina jina lake, na jina hilo ndilo neno pekee kinalojua kulisema. Ikaja kwenye televisheni, ikaja kwenye karata ambazo watoto wangu walipigania skuli, ikaja kwenye kompyuta, mwisho ikaingia kwenye simu. Sasa Waingereza wana maradhi yao. Kitu kikipendwa na watoto, wakubwa hawatulii mpaka wakifanyie kejeli. Na ukitaka kuikejeli katuni hiyo kwenye televisheni unahitaji vidubwana vya kuiga, na vya kuiga lazima avishone mtu.

Mtu huyo nilikuwa miye.

Aliyenifundisha ni Jayanti bhai, Mhindi wa Mombasa, mtoto wa fundi suti, mwenye karakana. Nilipokwenda kumwomba kazi nilianza na Kiingereza changu cha kuokoteza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono nyuma, kisha akanambia kwa Kimvita, "Haya. Sasa nambia wataka nini." Tangu hapo hatukuzungumza Kiingereza ila mbele ya wateja, na hata mbele yao tulikuwa na la kusema sisi wawili.

Sharti lake la kwanza: usimvishe mwenzio kitu ambacho hujakivaa mwenyewe. Dubu wangu wa kwanza nilimaliza nikajiona fundi. Akanambia nimvae, niende naye dukani nikamnunulie maziwa. Nilirudi nimelowa kama nguo iliyotolewa kwenye beseni, na nusu ya watoto wa Wembley wananifuata nyuma. Maziwa nilisahau. Lakini sikusahau tena kutia feni ndogo ndani ya kichwa, wala sikurudia kumfanya mtu aangalie kupitia macho ya kidubwana. Aangalie kupitia mdomo. Macho ya sponji ni ya watazamaji. Mdomo ndio dirisha la aliye ndani.

Sponji tulikata kwa kile kisu cha umeme ambacho wenyeji hukitoa kabatini siku ya Krismasi kukatia bata mzinga. Gundi unapaka pande zote mbili, unasubiri mpaka ukiigusa haishiki kidoleni, ndipo unabana. Nyinyi mna haraka, nawajua. Mtu mwenye haraka kichwa cha kidubwana chake huanguka mbele ya watu. Na pima mlango kabla hujaanza. Hilo Jayanti bhai mwenyewe alilisahau siku aliyoshona kidubwana chenye gamba pana kama paa la gari. Kikakataa kutoka. Ikabidi tukipasue katikati na kukishona upya barabarani, siku ya mechi, mashabiki wanapita kwenda uwanjani wakiimba. Kundi moja likasimama, likatuimbia sisi. Sikuelewa maneno yote, na nilipotafsiriwa baadaye nikashukuru kwamba sikuyaelewa.

Ufundi mkubwa zaidi ulikuwa kufananisha pasipo kufanana. Mtazamaji akiona lazima ajue mara moja kinachokejeliwa ni kipi. Wakili wa Wajapani akiona lazima asijue. Basi tukawa tunaongeza sikio, tunapunguza kidole, tunahamisha doa la shavuni kulipeleka kwenye goti. Vituo vya televisheni vilikuwa vikituletea mawakili wao kukagua. Mmoja, mama mmoja mrefu mwenye viatu vya bei mbaya, alikuja na rula akapima masikio. Alipiga magoti sakafuni akatazama mkia kwa muda, uso wake kama wa mtu anayesoma wosia, kisha akatoa hukumu kwamba mkia umejikunja kupita kiasi. Tukaunyoosha. Huyo alisomea sheria miaka mingi mpaka akafika pale.

Na waandishi wa vichekesho, Mungu awahifadhi. Wa kwanza kuja alitukalisha, akatuangalia kama anayeleta habari ya msiba, akasema amepata wazo. Hebu fikirini, wale watoto wa katuni kumbe ni watesaji wa wanyama. Vidubwana vinachoka, vinagoma, vinaunda chama cha wafanyakazi. Akacheka peke yake. Tukamtengenezea vidubwana vyenye mabango. Haikupita muda akaja mwingine, wa kipindi kingine, akatukalisha kwenye viti vilevile: je, kama wale watoto kumbe ni watesaji wa wanyama? Jayanti bhai akashika kidevu, akanambia kwa Kiswahili, ametulia kama anajadili rangi ya uzi, "Mwambie huyu mabango yapo. Tutafuta maandishi tu."

Wakaja wengi. Kila mmoja aliamini yeye ndiye wa kwanza duniani. Mzazi aliyerukwa na akili kwa ajili ya karata. Mchungaji aliyeona shetani ndani ya karata. Watetezi wa wanyama walitaka vidubwana vyenye bandeji na damu, na wao angalau hawakuwa na nia ya kuchekesha. Kila uchaguzi ukikaribia tuliletewa picha za wanasiasa tuwatie mikia. Wengine walidhani kichekesho ni kumfanya mtu azungumze Kiingereza cha kuvunjika, midomo ikiendelea kutikisika baada ya sauti kukoma, kama kwenye filamu zilizotiwa sauti ya Kiingereza, eti ndivyo Wajapani walivyo. Miye niliyekuwa nikichekwa kwa Kiingereza changu kwenye foleni ya posta sikuona jambo jipya hapo.

Kisha mchezo ukaingia kwenye simu, na wale wakubwa waliokuwa wakiwacheka watoto wao ndio waliokuwa wa kwanza kuonekana bustanini wameinamisha vichwa, wanakamata vidubwana visivyokuwepo. Vipindi navyo vikaanza kuwakejeli: mtu anatazama simu, anagonga nguzo. Mtu anatazama simu, anaingia bwawani. Nilikwenda studio kurekebisha mkia uliofumuka, nikawakuta wachekeshaji wamekaa kimya wakingoja zamu yao ya kuwakejeli watu wa simu. Kila mmoja na simu yake.

Nawasimulia haya yote mjue nilikuwa nimezoea. Kejeli mbaya haikunishtua tena. Ndiyo maana nakumbuka vizuri siku moja iliyonishtua.

Mwandishi aliitwa Toby. Kijana mpole, ndevu chache, anayeomba radhi akifungua mlango na akiufunga. Aliandikia kipindi cha mchekeshaji mmoja maarufu, ambaye jina lake nitaliacha, mnaweza kumwita Nyota, kwani ndivyo alivyojiita mwenyewe akizungumza na wahudumu wa chai. Toby akaweka mchoro wake mezani. Kidubwana kinene, rangi ya kahawia, mtandio kichwani, mkia nyuma, miguu ya bata. Mkono mmoja ndoo, mkono mwingine fagio, na begani yale mabegi ya plastiki ya mistari tuliyokuja nayo sote.

Miye nimekaa mbele yake. Nina mtandio kichwani.

Akaeleza. Maofisa wa uhamiaji wamevaa kofia za watoto wa ile katuni, wako uwanja wa ndege na vituo vya basi, wanawarushia wageni vidude vya mviringo na kuwakamata. Akasema ni kejeli dhidi ya serikali, yeye yuko upande wetu. Alilisema hilo kwa upole wa daktari. Nikamwuliza katika mchezo wote huo kidubwana kinafanya nini. Akasema kinaanguka. Na maofisa? Wao ndio wenye maneno. Lakini, akasema, kidubwana ndicho kinachoubeba mchezo. Nikamwambia naona, na ndoo pia kimebeba.

Akaandika kitu kwenye simu yake. Nadhani alikipenda.

Alipoondoka nilikuwa nimeshaamua kumrudishia mchoro. Jayanti bhai alikubali. Kazi za kukataa tulikuwa tukikataa. Jioni, niko kwenye treni narudi Barking, akanipigia simu Salma, mtoto wa mdogo wangu.

Salma amezaliwa hapa. Miye nazungumza naye Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza. Hivyo ndivyo tulivyoelewana tangu alipojua kusema. Alisomea uigizaji, akazunguka kuomba nafasi mpaka viatu vikaisha, akawa anauza nguo kwenye duka kubwa la Stratford huku akingoja. Sasa amepata. Televisheni, kipindi kinachotazamwa na nchi nzima. Sauti yake ilikuwa ikikimbia. Ila, akasema, hataonekana uso. Ataingia ndani ya vazi.

Sikuhitaji kuuliza vazi gani.

Nikamwambia mchoro nimeuona, na nia yangu ni kukataa. Salma akasema anajua unavyoonekana, ameyasoma maneno ya mchezo. Lakini kama si yeye watamtia mtu mwingine, atakayeigiza mama zetu kwa sauti ya bata na kwenda nyumbani kulala. "Kama kitakuwepo, Mamkubwa," akasema kwa Kiingereza chake, "nataka aliyemo ndani niwe mimi." Lile neno Mamkubwa tu ndilo alilolisema Kiswahili, siku zote.

Nilifika kituo changu nikapitiliza, nikashuka Upney, nikarudi kwa miguu nikifikiri. Nikikataa, nimemfungia mtoto mlango wa kwanza uliomfungukia. Nikikubali, nimeshona kwa mikono yangu kitu cha kunitukania. Asubuhi nikamweleza Jayanti bhai. Alikuwa mzee sasa, anakata kidogo, anakunywa chai sana. Akautazama mchoro mbali na karibu. "Mshonee," akasema. "Lakini mchoro ni wao, sindano ni yako. Waelewa?"

Nilimwelewa. Macho, ambayo kwenye mchoro yalikuwa vitone viwili vya kijinga, nikayafanya makubwa na yaliyotulia, ya mtu anayekutazama akijua unachofanya. Shingo nikaipa nafasi igeuke. Miguu ya bata nikasema haiwezekani kiufundi, nikatia miguu ya kusimamia. Mtandio sikuushona kwa kitambaa cha kuchekesha; nilichukua kitambaa kizuri, nikaukunja kama ninavyokunja wangu. Kisha kwenye pindo la chini nikatia uzito, mwingi, umezunguka pande zote. Mchoro ulitaka kitu kinachoanguka. Miye nikashona kitu ambacho ukikisukuma kinayumba, kinarudi.

Siku ya kujaribisha Toby akaja. Salma keshaingia ndani, kichwa bado kiko mezani. Toby akasifu kila kitu, akauliza habari ya miguu, nikamjibu habari ya sponji, akaridhika. Tatizo lake lilikuwa jina. Si mnajua, kidubwana kitakuwa kinasema jina lake tu. Anataka la Kiafrika, lenye kuchekesha likitamkwa. Akajaribu mwenyewe mawili matatu aliyoyatunga, milio ya ngoma za kwenye sinema za zamani, akatazama nyuso zetu akaacha. Akaniomba nimsaidie, kwa lugha yetu.

Nikamtazama Jayanti bhai. Jayanti bhai akatazama chai yake.

"Hawachekeshi," nikasema.

Toby akalirudia. Akalipenda papo hapo, akasema lina mdundo. Akauliza lina maana gani. Kabla sijajibu, Jayanti bhai akamweleza kwa Kiingereza chake kizuri kwamba ni neno ambalo watu wa pwani hulisema wakiwaona wachekeshaji. Hakusema uongo hata kidogo. Toby akaliandika kwenye kiganja. Nyuma yake vazi la kahawia likaanza kutikisika, taratibu, kutoka tumboni kwenda juu.

Kipindi kilirekodiwa mchana, mbele ya watazamaji, na Toby mwenyewe ndiye aliyeniomba nilete watu wa jamii yetu, kwa sababu alitaka waone kwamba yeye na wao wako upande mmoja. Nikawaleta akina mama wetu wa Barking, tunaokutana ukumbini kila Jumamosi, wakiongozwa na Bi Rukia, aliyekuwa karani wa manispaa na ambaye hajawahi kuficha fikra yake tangu azaliwe. Wamevaa vizuri, wamepaka manukato, wakapewa viti vya mbele. Sikuwaambia kitu.

Nyota akatoka na kofia yake ya kitoto. Akatupa mzaha wa kwanza, kuhusu foleni ya pasi. Watu wakacheka kidogo, kwa heshima. Kidubwana kikamgeukia kwa yale macho yake, na Salma akasema kwa sauti ya muuguzi anayempa mgonjwa majibu, "Hawachekeshi."

Bi Rukia akanishika paja.

Nyota akatupa wa pili. Salma akajibu kama mama wa bibi harusi aliyeletewa kanga za bei rahisi. "Hawachekeshi." Mstari wetu ukaanza kupiga makofi kwenye magoti. Kisha ikaja sehemu ambayo Nyota analitangaza jina la kidubwana alichokikamata, kama kwenye ile katuni, na alikuwa amelifanyia mazoezi. Akasimama katikati ya jukwaa, akatanua mikono kuwaelekea watazamaji, yeye na maofisa wake nyuma yake, akapaza sauti kwa matamshi safi kabisa: "Hawachekeshi!"

Sijui niwaeleze vipi kilichotokea kwenye mstari ule. Mmoja aliteleza kwenye kiti. Bi Rukia alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Na kicheko, mnajua, hakiulizi lugha. Kikapanda mstari hadi mstari, ukumbi mzima ukawa unacheka bila kujua kwa nini, na kila Salma akifungua mdomo walikuwa wameshaanza. Walikuwa wanacheka pamoja na kidubwana. Wale maofisa wakabaki wanarusha vidude vyao kama watu wanaowatupia njiwa mkate.

Nyota aliliona hilo. Akakisukuma kidubwana kianguke, kama ilivyoandikwa. Kikayumba, kikarudi. Akasukuma tena kwa nguvu, hiyo haikuandikwa. Kikayumba mbali zaidi, kikarudi na tumbo lake lote, na aliyeanguka alikuwa Nyota. Salma akamwinamia. Safari hii alilisema polepole, kwa huruma.

Baadaye Toby akaja kuwashukuru akina mama, uso umemng'aa. Akawauliza ni mzaha upi uliowafurahisha zaidi. Ningeweza kusema kitu. Bi Rukia akawahi. Akamweleza kwa Kiingereza cha ofisini, neno kwa neno, kile kidubwana kilichokuwa kikisema mchana wote. Nyota alikuwa nyuma yake na taulo shingoni. Hakuna aliyepandisha sauti. Nyota alilitoa taulo shingoni, akaliweka juu ya kiti, akaondoka.

Siku kipindi kilipoonyeshwa tulijaa sebuleni kwangu. Kachori, juisi ya ukwaju, majirani. Salma amekaa chini mbele ya televisheni. Kidubwana kikatokea, watoto wakashangilia. Zamu yake ya kusema ikafika, kikatoa mlio wa bata.

Walikuwa wameifuta sauti yake. Kidubwana hakina midomo ya kutikisika, kazi ilikuwa nyepesi. Sehemu ya kuyumba waliikata. Kicheko cha akina mama wetu walikiacha, wakakihamisha wakakiweka chini ya mizaha ya Nyota. Hilo ndilo lililonichoma. Bi Rukia alikuwa anasikika waziwazi, anakicheka kitu ambacho hakukicheka.

Salma akainuka akaenda jikoni. Nilimkuta anaosha vikombe visivyotumika.

Hata hivyo watazamaji walikipenda kidubwana, wa mitandaoni walikichora, na Nyota akasahau hasira zake. Wakamtaka Salma arudi kwa mfululizo mzima, na mlio uleule wa bata. Kazi ya uhakika, ya kuacha duka la Stratford. Mama yake alinipigia akaniomba nisimwambie kitu mtoto, nami sikumwambia. Wiki ile nilishona vibaya, Jayanti bhai akanifumulia mshono mara kwa mara.

Salma akaja nyumbani. Hakukaa. Alikuwa bado na koti.

"Mamkubwa," akasema, "nimewakatalia."

Nikangoja aendelee kwa Kiingereza. Hakuendelea kwa Kiingereza. Alitafuta maneno moja moja, mengine akayageuza vichwa chini, lakini akasema mwenyewe: "Nimewaambia kile kina jina. Hamtaki jina, basi mimi pia hamnitaki."

Nilimkumbatia na koti lake. Nyinyi mtasema alipoteza bahati. Mama yake alisema hivyo, kwa muda mrefu. Miye niliyevaa kila kidubwana nilichokishona nawaambieni kuna joto ambalo feni haipunguzi.

Wakataka tuwape vazi, wamtie mtu mwingine. Vazi lilikuwa letu, na baada ya kurekodi lilikuwa limerudi karakana. Wao walilikodi, na karakana ilikuwa na haki ya kukataa kulikodisha tena. Jayanti bhai akasema sponji nzuri kama ile haifai kukaa bure. Salma akaja Wembley siku yake ya mapumziko, tukaanza kulifumua ili tuzitumie sponji kutengeneza mito ya ukumbi wa akina mama. Tuko katikati ya kazi, kichwa kiko mezani bila macho, mlango ukafunguliwa kwa kuomba radhi. Toby. Alikuwa ametumwa kulichukua.

Akatazama meza. Salma hakuacha kukata. Nikamwambia vazi halipo tena, na kwamba akitaka anaweza kuchukua mkia, kwetu hauna kazi. Akaupokea kwa mikono miwili. Akasema kufuta sauti haikuwa shauri lake. Jayanti bhai akapuliza chai yake. Akasimama pale, akasema tena, hapana, aliulizwa na akakubali.

Jayanti bhai akamsogezea kiti. Hakukaa. Akamwuliza Salma kama lile neno ni la watu wengi. Salma akamwambia ndiyo, ni la wengi, yeye Toby na Nyota na wote waliosimama jukwaani. Na akiwa mmoja?

"Hachekeshi," Salma akasema.

Toby akalirudia, akajiwekea kidole kifuani.

Salma akatikisa kichwa, akaweka kisu chini. Alimweleza taratibu, kama mwalimu, kwamba hivyo ni kumsema mwingine. Mtu akijisema mwenyewe neno linabadilika mwanzo. Akamwambia linavyokuwa.

Kijana wa watu akafikiri kidogo, mkia wa kahawia mikononi. Akamtazama Jayanti bhai, akanitazama miye, akalitamka pole pole, kila silabi mahali pake, bila kosa.

"Sichekeshi."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Miaka yote ile ya vichekesho vyao, hicho ndicho cha kwanza kilichonichekesha.